Ugonjwa wa Kusema Taratibu

Kagugu, Kigali
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi Mwamvita,

Shikamoo. Barua hii nimempa Sharif, ambaye kesho anapanda basi kwenda Kahama kununua mchele. Ameahidi kuikabidhi kwa mkono wake kwa dereva wa Kigoma. Najua utaniambia tena kwamba simu ni ya salamu na ya misiba. Salamu tulipeana Ijumaa, na hili ninalotaka kukueleza nadhani si msiba, kwa hiyo naliweka kwenye karatasi.

Huku tu wazima. Mama yuko Biryogo, magoti yanamsumbua, lakini hataki kusikia habari ya kuiacha cherehani. Mvua iling'oa bati moja la jikoni kwangu. Jirani yangu amejifungua mapacha na tangu siku hiyo mtaa mzima haulali mchana.

Unakumbuka nilikueleza kwamba nimeanza kuwapa wanafunzi wangu wa biolojia, wale wa mwaka wa kwanza, video za mtandaoni kama kazi ya nyumbani. Wananisikiliza kwao, kupitia simu, nikieleza jinsi seli inavyojigawa, kisha wakija darasani tunajadiliana. Video nilizirekodi mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya mchoro. Niliamini kwamba jambo hili lina manufaa, na kwa sehemu bado naamini. Nilipolinganisha matokeo, walioangalia video walifanya sawasawa na waliosoma kitabu. Sijui kama hiyo ni habari njema kwa video au habari mbaya kwa kitabu.

Muhula uliopita jengo letu lilikuwa linaezekwa upya, hivyo hawakuniona kabisa ila kwenye video. Walimu wengine nao wakaiga, mpaka kazi ya nyumbani ya siku moja ikazidi saa za siku yenyewe. Wanafunzi wakafanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya: wakaziangalia zote kwa kasi maradufu. Simu inaruhusu hivyo, na sauti haiharibiki. Inakuwa tu ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Basi Januari jengo likafunguliwa, nikaingia darasani, nikasema: "Habari za asubuhi. Leo tutazungumza juu ya utando wa seli." Msichana wa mstari wa mbele akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaendelea. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nyuso zao zilivyozidi kujaa huruma. Nilisikia mmoja akimwuliza mwenzake kama huyu ni mama yake Daktari Shakira.

Jana walikuja nyumbani kunisura, kama wasemavyo huku, yaani kunijulia hali. Walikuwa saba, wakiongozwa na Gwiza, kiongozi wa darasa, binti mrefu aliyekulia Biryogo. Walileta maziwa, maparachichi na mfuko wa sukari. Unajua mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa harudishwi mlangoni kwa sababu mgonjwa hayupo. Niliwakaribisha. Kila mmoja akasimama akatoa neno, na walisema taratibu mno, wakitenganisha maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mwalimu," akasema Gwiza kwa Kiswahili chake, "sisi tuko pamoja na wewe. Haraka haiko."

Na hapo, Shangazi, ndipo nilipokosea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kuzungumza nami kwa mwendo ninaouelewa. Nikatulia, nikawajibu kwa mwendo wangu wa kawaida kabisa, kwa urefu, nikiwaeleza kwamba siumwi. Wawili walilia.

Nadhani litapita lenyewe.

Mwanao,
Shakira


Ujiji
26 Februari 2025

Shakira mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nimekwisha kuomboleza kidogo. Sharif alipofika Kahama alimwambia dereva kwamba unaumwa ulimi. Dereva alipofika Kigoma alisema umepooza upande mmoja. Kijana aliyeileta hadi mlangoni kwangu aliniangalia tu, akaniambia, "Bibi, kaa kwanza." Nikakaa. Kabla sijafungua bahasha majirani walikuwa wamejaa barazani.

Tulikusomea dua Alhamisi. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na pilau ilitosha. Ijumaa, nilipopata utulivu, ndipo nikasoma barua na kuona kwamba huna ugonjwa. Sikuweza kuwarudia watu kuwaambia hivyo. Dua imekwisha kusomwa na pilau imekwisha kuliwa, kwa hiyo itakubidi uwe umepona kutokana na kitu.

Mfungo unakaribia. Bei ya dagaa imepanda, mtaro wa mbele ya nyumba umezibwa tena, na Mzee Kitenge bado anadai ule mpaka wa ukuta.

Sasa nieleze. Hao watoto wanakusikia wewe mwenyewe, kwa masikio yao, halafu wanaamini kile cha kwenye simu? Nimefundisha darasa la kwanza miaka yangu yote, na watoto wale waliamini kwamba jua hulala ziwani. Lakini nilipozungumza walijua ni mimi.

Na wakubwa wako wanasemaje? Katika barua nzima hukuwataja.

Shangazi yako,
Mwamvita


Kagugu
Jumanne, 11 Machi 2025, asubuhi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na mfungo uwe mwepesi kwako. Nashukuru kwa dua. Ni kweli kwamba kikohozi nilichokuwa nacho kimeisha, basi dua tuihesabie hapo. Mama anafunga licha ya magoti na licha ya daktari. Bati la jikoni limerudishwa, limepigiliwa kinyume, na sasa linapiga mluzi upepo ukivuma.

Nilijaribu kutatua jambo lile kwa njia ya vitendo. Nilijifunza kusema kwa kasi maradufu. Nilisimama mbele ya kioo, nikaiwasha video yangu kwa mwendo wanaouangalia wao, nikaifuatisha. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mwanamke yule hapumui. Nilifaulu kufika naye katikati ya somo la kromosomu, kisha nikalazimika kushika sinki.

Somo moja nililifundisha darasani kwa mwendo huo. Wanafunzi walichangamka, wakaandika, wakauliza maswali kwa kasi ile ile. Walikuwa wamefurahi kwelikweli, na nilihisi kwamba nimewadanganya katika jambo fulani, ingawa kila nilichosema kilikuwa sahihi. Kabla ya mwisho sauti ilikatika, nikarudi kwenye mwendo wangu, na nyuma ya darasa mtu akasema kwa upole, "Imemrudia."

Uliuliza wakubwa wanasemaje. Mkuu wa idara, Daktari Bigirimana, ni mtu mwema. Amefurahishwa sana na video. Takwimu zinaonyesha kwamba karibu kila mwanafunzi huangalia hadi mwisho. Mimi nina wasiwasi kwamba takwimu hizo hazituambii nani aliyekuwa mbele ya simu wala alikuwa akifanya nini, lakini huenda ni wivu tu. Anapomtaja mwalimu wa kwenye video husema "yule". Kwa mfano: "Yule ana nguvu sana. Wewe pumzika kidogo."

Nina nafasi zaidi ya kusoma siku hizi.

Mwanao,
Shakira


Ujiji
2 Aprili 2025

Shakira,

Iddi njema, ijapokuwa itakufikia imechacha. Tumesherehekea vizuri. Wajukuu wa Mzee Kitenge walivunja kioo cha dirisha langu kwa mpira, na sasa suala la mpaka wa ukuta limepoa, kwani deni la adabu limehamia kwake.

Umeniandikia Jumanne asubuhi. Mwaka jana uliniambia nisikupigie simu Jumanne asubuhi hata nyumba ikiungua, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya darasa lako. Sikuwa na shida na bati, wala na sinki. Niliisoma tarehe peke yake mara nyingi.

Andika tena, na safari hii anzia pale ulipoishia.

Mwamvita


Kagugu
Jumanne, 22 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mapacha wa jirani wamepewa majina, nami bado nawachanganya.

Sina darasa tangu katikati ya Februari. Daktari Bigirimana alinipa mapumziko ya afya siku chache baada ya wanafunzi kuja nyumbani. Walimwandikia kwa wema, wakiomba nisichoshwe. Lile somo la kasi nililokueleza lilikuwa jaribio la kumshawishi, naye aliketi nyuma. Aliposikia sauti ikikatika aliona kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Video zinaendelea kufundisha. Jina langu lipo kwenye ratiba, na Jumanne asubuhi watu wananisikiliza mahali nisipokuwepo.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninalofikiri. Hata sasa sijui. Kuna siku najiambia kwamba pengine wana haki: kama wanajifunza sawasawa hata bila mimi, basi mimi ni nini pale mbele, isipokuwa samani inayosema? Kisha nakumbuka nyuso zao mtu anapouliza swali ambalo hakukusudia kuuliza, na nafsi inakataa. Lakini kukataa kwa nafsi si ushahidi.

Jambo lenyewe sasa ni hili. Kamati itakaa Alhamisi, tarehe 29 Mei. Itaamua kama nitarudishiwa darasa au kama nitabaki katika mapumziko huku yule akifundisha, na mkataba wangu unakwisha Septemba. Mganga wa chuo amenipima kila kitu na hakuona kasoro, ila ameandika kwamba mwendo wangu wa kusema "haulingani na kumbukumbu zilizopo". Kamati inataka kumsikia jamaa anayeweza kueleza nilivyokuwa nikisema tangu utoto.

Nilifikiria Mama. Lakini Mama husema kama cherehani yake, na wakimsikia watanilaza hospitali siku hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyenilea miaka yote ya shule ya msingi. Ningeomba uniandikie maneno machache.

Shakira


Ujiji
10 Mei 2025

Mwanangu,

Maneno ya namna hiyo hayaandikwi. Nikiandika watayasoma kwa mwendo wao.

Mwambie Sharif anisubiri stendi ya Nyabugogo Jumatatu ya tarehe 26, na asije na pikipiki, kwani nitakuwa na mzigo wa dagaa wa mama yako. Usimwambie mtu kwamba nakuja kwa ajili gani. Sema nakuja kumwona mama yako magoti.

Mwamvita


Ujiji
9 Juni 2025

Shakira mwanangu,

Nimefika salama, mgongo umekufa ganzi, Iddi ya kuchinja nimeikuta mlangoni. Dirisha limewekwa kioo kipya.

Ulikuwa umeketi nje ya mlango ule na mimi nikalazimika kuliwahi basi, kwa hiyo hujasikia yaliyopita ndani. Niliwakuta watatu. Yule bwana mwenye tai, Bigirimana, Kiswahili anakijua, amekulia Bujumbura. Kulikuwa na mganga wa chuo, na mama mmoja anayeitwa Cécile aliyeniambia kwamba anafundisha habari za vijidudu.

Bwana Bigirimana akaniuliza mara moja: "Mama, Shakira amekuwa akisema hivi tangu utoto?"

Nikamwambia avute subira, kwani sijamaliza kuwasalimu.

Niliwasalimu mmoja mmoja. Niliwauliza hali ya nyumbani kwao, nikaeleza ya kwetu, nikatoa pole kwa mganga ambaye alikuwa na mafua. Kisha nikaeleza. Nilisema kwamba ulikuja kwangu ukiwa na pengo la meno mawili, ukaingia darasa langu la kwanza, na kwamba mimi husema hivi kwa sababu mtoto wa dawati la mwisho naye ana haki ya kusikia. Nilieleza jinsi ulivyosoma risala mbele ya mkuu wa wilaya, ukaimaliza wakati yeye amekwisha kurudi kwenye gari. Sikuruka kitu. Mganga alinishika kifundo cha mkono mara mbili, nadhani kutazama kama mapigo ya moyo yapo.

Nilipomaliza walikuwa wametulia sana. Bwana Bigirimana alipofungua mdomo alisema, "Asante... Mama... kwa maelezo haya," na mwenyewe akashtuka.

Wakanong'onezana. Yule Cécile akauliza kama mimi ni dada wa baba yako. Nikajibu ndiyo. Wakatazamana kama watu waliookota kitu.

Nakuambia wewe, na sikuwaambia wao, kwamba nilifahamu swali lake lilikuwa linaelekea wapi. Unajua, kama nyumba yote inavyojua, kwamba nililetwa kwa babu yako nikiwa mgongoni kwa mwanamke aliyekuwa anapita, na kwamba baba yako nami hatukuchangia tone la damu. Lakini niliulizwa kama mimi ni dada yake. Sijawahi kuwa kitu kingine chochote.

Wameamuaje?

Mwamvita


Kagugu
Jumanne, 24 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Dagaa walimfikia Mama, na amewagawa Biryogo nzima kana kwamba yeye ndiye aliyewavua. Pole ya mgongo.

Kabla ya yote naomba unisamehe, na nitakueleza kwa nini.

Uamuzi walinisomea Ijumaa iliyofuata. Daktari Bigirimana alisema, akiwa amefurahi kwa dhati, kwamba kamati imejiridhisha: kusema taratibu katika familia yetu ni sifa ya kurithi, imeonekana katika vizazi viwili, na sifa ya kurithi si ugonjwa. Kwa hiyo nirudishiwe darasa langu mara moja. Nilishukuru. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kushika kitasa cha mlango.

Kila mwaka, Shangazi, nawanyima alama wanafunzi wanaoandika kwamba jambo wanaloshirikiana watu wa nyumba moja lazima limerithiwa. Ni kosa la kwanza kabisa tunalowafundisha kuliepuka. Nilijiambia kwamba hili halimdhuru mtu. Nilijiambia kwamba darasa ni langu kwa haki, na kwamba haki ikija kwa njia ya uongo bado ni haki. Hoja hiyo bado naiona ina nguvu, na siwezi kueleza vizuri kwa nini haikutosha. Nilirudi nikaketi, nikawaambia kwamba wewe na marehemu baba hamkuwa wa damu moja.

Daktari Bigirimana alionekana kama mtu aliyenyang'anywa zawadi. Kisha Daktari Cécile akauliza, pole pole:

"Basi mliishi nyumba moja?"

"Miaka saba," nikasema.

"Na kabla ya hapo ulisemaje?"

"Nasikia nilisema kama mama yangu."

Akaandika. "Jambo ambalo watu wawili wanalo," akasema, "ambalo hawakulirithi, na ambalo mmoja alikuwa hana mpaka alipoishi na mwenzake..." Hakumaliza sentensi. Alisogeza kiti chake nyuma.

Mganga akakumbusha kwamba Gwiza na wenzake sita, tangu siku walipokuja kwangu, nao wamekuwa wakisema taratibu. Ni kweli. Walianza kwa ajili ya heshima, na sidhani walipata sababu ya kuacha. Daktari Bigirimana akataka kupinga, akafungua mdomo, akajisikia mwenyewe, akafunga.

Sasa imeandikwa kwamba nina maambukizi ya chanzo kisichojulikana. Darasa nililokuwa nalo mkononi sinalo. Wataamua kabla ya muhula mpya la kunifanya, na mkataba utafuata uamuzi huo.

Naomba unisamehe, si kwa ajili ya darasa, bali kwa kuwa nililitamka lile jambo la damu mbele ya watu, kama data.

Shakira


Ujiji
10 Julai 2025

Shakira,

Nilikaa na barua yako siku kadhaa bila kuijibu. Nilifua mapazia. Nilikwenda kwa Mzee Kitenge nikamwambia achukue huo ukuta wake, na alishtuka hata akaukataa.

Umenitoa katika damu ya baba yako mbele ya mtu mwenye tai. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilianza kukuandikia maneno ambayo nimeyachoma.

Halafu nikasoma tena pale kwa yule Cécile. Wasomi watatu wamekaa, wamefikiri, na wameandika kwamba ulicho nacho umekipata kwangu. Wamekataa damu na bado wameona. Sijui ni ushahidi gani mwingine wa udugu mtu angetaka kutoka serikalini.

Usiwaombe wafute chochote. Na usiende kwao kujieleza tena, kwani kila ukijieleza wanapata dalili mpya.

Mama yako amenipigia simu kusema kwamba naye tangu niondoke anahisi ulimi mzito. Nimemwambia asijipendekeze.

Shangazi yako,
Mwamvita


Kagugu
Jumapili, 28 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya huu mrefu. Mama ni mzima, na kasi yake haijapungua. Sharif anaoa Desemba, na ananiagiza nikuambie kwamba safari hii hatampa dereva maneno ya mdomo.

Uamuzi ulitoka mwezi uliopita, nami nilingoja kwanza nione kama utasimama. Kamati imeagiza kwamba mimi na wanafunzi wote wenye dalili tutengwe kwa tahadhari, ili tusiwaambukize wanafunzi wote wa mwaka wao. Lakini kwa kuwa chuo hakiwezi kumnyima mwanafunzi masomo kwa sababu ya ugonjwa, lazima wafundishwe. Na kwa kuwa video zina mwendo usiowafaa wagonjwa, lazima wafundishwe na mtu. Na kwa kuwa mtu asiyeumwa hawezi kuingizwa mahali penye maambukizi, mtu huyo lazima awe tayari ameambukizwa. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja kwa msingi huo. Niliusoma uamuzi huo mara nyingi nikitafuta kosa la hoja, na kila hatua inatoka kwenye hatua iliyotangulia. Ni mwanzo tu ambao si kweli.

Tumepewa chumba cha chini, karibu na kitalu cha mimea, chenye madirisha mapana. Siku ya kwanza walikuja Gwiza na wenzake sita. Tulizungumza juu ya jinsi maji yanavyopanda ndani ya shina, na hatukufika mbali, kwa sababu mmoja aliuliza kwa nini yasishuke, na tukaona kwamba hatujui vizuri kama tulivyodhani.

Wiki ya pili walikuwa zaidi. Wiki ya tatu viti havikutosha. Chuo kikaweka mlinzi mlangoni, mama mmoja makini aitwaye Mukantwari, mwenye maagizo ya kuruhusu wenye dalili peke yao. Njia yake ni kumwuliza mwanafunzi jina na kusikiliza. Wenye majina marefu wana nafuu. Nilimsikia Gahongayire akilisema la kwake, na ilikuwa kama kusikia mtu akikunja shuka. Twizeyimana alipita hata kabla hajalimaliza.

Sijui ni wangapi wanaigiza. Nimejaribu kuwaza kwamba wanakuja kwa sababu wamegundua thamani ya kufundishwa na mtu, na naona ni wazo linalonipendeza kupita kiasi, kwa hiyo siliamini. Huenda wanakimbia tu video. Huenda chumba kina upepo mzuri. Huenda, na hili nalifikiria zaidi kadiri siku zinavyokwenda, kweli linaambukiza.

Jumanne alikuja kijana aitwaye Kaze. Hebu fikiria, Shangazi, jina kama hilo kwenye mlango kama ule. Alilisema, likaisha. Mukantwari akatikisa kichwa.

"Ongeza," akamwambia.

Akaongeza jina la baba yake, kisha la kilima alichozaliwa. Alieleza kwamba anakaa Kanombe, na jinsi anavyoamka kwa kelele za ndege, na mabasi anayobadilisha. Alieleza alivyoziangalia video zote hadi mwisho bila kuruka hata moja, na kwamba kuna swali lililokuwa limembakia tangu ile ya moyo, na hakuwa na mahali pa kulipeleka. Sisi ndani tulikuwa tunamsikiliza. Sehemu kubwa ya kipindi ilikwenda hivyo, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Mukantwari alipomfungulia, nilimwuliza kama kweli anaumwa. Alifikiri kwa muda mrefu. Katika muda ule wote hakuna aliyecheka. Kisha akasema hajui, akatafuta pa kukaa, akaniomba nirudie kuanzia mwanzo. Nikarudia.

Mwanao,
Shakira